Mazoea au Mamlaka? Uhakiki wa Mwonekano Mpya wa Wikipedia

Mnamo Januari 2023, Wikipedia ilibadili mwonekano wake wa kawaida, mara ya kwanza baada ya zaidi ya miaka 10. Orodha ya yaliyomo ilihamishiwa ubavuni kushoto, upana wa mistari ukawekewa ukomo, na kitufe cha kuchagua lugha kikapelekwa juu ya ukurasa. Malalamiko yalizuka, wahariri wa Wikipedia ya Kiswahili walipiga kura kwa kauli moja kutaka mwonekano wa awali urejeshwe.

Wasanifu huelekea kueleza upinzani wa namna hii kwa hoja ya mazoea: watumiaji watazoea, kisha watanyamaza. Hoja hiyo ina ukweli, lakini haijitoshelezi. Mhariri wa kila siku hukijua kitufe kwa mkono kabla ya jicho. Kukihamisha ni kumpunguzia ujuzi alioujenga kwa miaka. Aidha, kunyamaza si kuridhia.

Hata hivyo, kura yenyewe ina upungufu. Kura ya aina hiyo ni sauti ya wahariri, si ya wasomaji wasio na akaunti. Tena, mwenye akaunti aweza kurejea mwonekano wa zamani kupitia mipangilio yake, ilhali msomaji wa kawaida hupokea alichoamuliwa.

Kwa watunga sera wanaosanifu upya tovuti za huduma za umma, kipimo si ukubwa wa kelele wala ukimya unaoufuata, bali ni iwapo mtumiaji asiye na kura ameachiwa njia ya kurudi.