Kuganga na Kupona

Vitenzi vya ugonjwa na dawa katika Kiswahili ni vingi, lakini viwili vimebeba mzigo mkubwa kuliko vingine: kuganga na kupona. Watu wengi huviona kama mtu na kivuli chake, kwamba aliyegangwa amepona, na aliyepona lazima kuna aliyemganga. Mimi nadai kuwa sivyo, na kwamba kuvichanganya kumewagharimu watu afya zao, na wengine uhai.

Tuanze na kuganga, maana ndicho kinachosahaulika. Kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 inakieleza si kwa maana ya kutibu tu, bali pia kwa maana ya kuunga na kufunga kitu kilichovunjika. Hebu msomaji afikirie mguu uliovunjika ukafungwa vijiti na kamba. Aliyefunga ametimiza kazi yake. Mfupa wenyewe utashikana kwa siku zake, ukipenda, na huenda usishikane sawasawa. Neno hilo ni la kale, na ndugu zake wametapakaa katika lugha za Kibantu: Wakongo wana nganga, Wamalawi wana sing'anga, na Kiswahili cha Lubumbashi humwita daktari wa hospitali munganga bila wasiwasi wowote.

Mitaani neno bado li hai, ila tumeacha kulisikiliza. Mtu akiulizwa mjini anafanya kazi gani, na kazi yenyewe ni ya kubahatisha, hujibu, "Naganga njaa tu." Hatujapata kusikia mtu akimuuliza kama njaa yake imekwisha kupona. Sote twajua kwamba kesho itarudi, naye kesho ataamka aigange tena. Na wazee waliosema yaliyopita si ndwele, tugange yajayo, hawakusema tuyaponye. Jambo ambalo halijaja utaliponyaje? Utalikabili litakapofika, basi.

Kupona ni habari nyingine kabisa. Mwenye kupona ni mgonjwa mwenyewe, si mtu wa pembeni. Tena si lazima awe mgonjwa: aliyetoka mzima katika basi lililopinduka tunasema amepona, na aliyemkosa simba kwa hatua mbili ameponea chupuchupu, na hapo hapana kidonge wala mzizi. Kupona ni kutoka salama upande wa pili. Kwa hiyo lugha iligawa kazi kwa haki: mganga aganga, mgonjwa apone au asipone. Hata ile methali ya kumsuta mganga husema hajigangi, haisemi hajiponyi. (Watu wa pwani nao wana salamu ambayo wageni huicheka: "Ugua pole." Mimi naipenda. Haimuahidi mgonjwa chochote.)

Matata yalianza pale kuponya, yaani kumfanya mwingine apone, kulipogeuka kuwa ahadi ya kila mtu. Katika vitabu vya dini kitenzi hiki kina mwenyewe, nami sina ugomvi nacho huko. Ugomvi wangu ni kukikuta kwenye kibandiko cha chupa, kwenye nguzo ya umeme na kwenye kipaza sauti cha stendi, kikiahidi kisukari, saratani na deni la benki kwa pumzi moja.

Lakini tusiwalaumu wauza chupa peke yao. Sisi wenye elimu tulichangia. Katika miaka ya 1990 mabango yetu yalitangaza kwamba UKIMWI hauna dawa. Nia ilikuwa njema, na wakati ule ilikuwa karibu na kweli. Kisha, kuanzia mwaka 2004, Tanzania ikaanza mpango wa kutoa dawa za ARV bure. Mwananchi aliyefundishwa miaka yote kwamba ugonjwa huu hauna dawa sasa anakabidhiwa dawa yake, na kuambiwa aimeze maisha yake yote, na kwamba haimponyi. Afikirie nini? Sifa iwaendee wale waliobuni msemo wa dawa za kufubaza virusi. Kufubaza ni kukipunguzia kitu ukali na mng'ao wake, na ndivyo dawa hizo zifanyavyo. Ni msemo mzuri, ingawa umebaki kwenye ugonjwa mmoja.

Mwaka 2011 tuliona matunda ya mkanganyiko huu. Mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Masapila, aliyefariki mwaka 2021, alikuwa akitoa kikombe cha dawa ya mti wa mugariga katika kijiji cha Samunge, Loliondo, kwa shilingi 500. Magari yalipanga foleni ya kilometa nyingi porini, na wapo waliokufa kabla ya kukifikia kikombe. Wengi wamejadili kama mti ule ulikuwa na nguvu au hapana. Mimi nilivutwa na hesabu ya ahadi: kikombe kimoja, mara moja, umepona. Upande wa pili hospitali ilikuwa ikitoa vidonge kila siku, mpaka kufa. Wapo waliorudi wakaacha ARV, na mtu asiharakishe kuwaita wajinga. Walichagua kitenzi kilichokamilika.

Namfahamu mama mmoja mwenye presha aliyemuuliza muuguzi, "Hizi dawa zitaniponya, mwanangu?" Muuguzi alikuwa mkweli. "Haziponyi, mama." Mama akaenda nazo nyumbani, akaziweka juu ya kabati. Alipoulizwa na wanawe alisema, "Kama haziponyi, nameza za nini?" Miezi michache baadaye kiharusi kikampooza upande wa kushoto. Muuguzi hakusema uongo hata neno moja. Lakini fikiri kama angejibu, "Hizi zinaiganga presha, mama, kama unavyoiganga njaa, ya leo ni ya leo." Mama yule aliyepika kila siku kwa miaka arobaini angeelewa bila somo la pili.

Najua nitakavyopingwa. Nitaambiwa mganga amechafuka. Mauaji ya watu wenye ualbino yalitisha nchi nzima, mpaka Januari 2015 serikali ikatangaza kuwapiga marufuku waganga wapiga ramli. Nani atakubali kusikia neno kuganga kliniki baada ya hayo? Pingamizi ni zito, silidharau. Lakini aliyechafuka ni mtenda, na si kila mtenda. Serikali hiyohiyo haijaona haya kumwita daktari wake mwandamizi Mganga Mkuu wa Serikali. Kila wilaya ina Mganga Mkuu wake, na zahanati ya kijijini ina mganga mfawidhi, mwenye koti jeupe na kipimo cha presha. Jina limebaki mlangoni kwake miaka yote hii. Kitenzi ndicho tulichokiacha nje, na wagonjwa wanapita pale kila asubuhi wakiuliza watapona lini.