Mbwa Anayeuona Ufuko

Mbwa hafi maji akiona ufuko. Ndivyo walivyosema wahenga, na sisi wa Shanzu ufuko tunao mlangoni. Mbwa wetu hawauoni. Kwenye mageti ya majumba na hoteli wamefungwa minyororo, wanambwekea kila mpita njia, kisha wanafyata mkia askari akiinua mkono. Mbwa wa namna hiyo tunamwita mkali. Ukimtazama vizuri ni mwoga, na mwoga hategemeki: akibweka usiku, hujui kama ameona mwizi au mwavuli.

Mjini kwetu hapa hapa Mombasa, katika bandari ya Kilindini, wapo mbwa wengine. Wao hunusa makontena wakitafuta pembe za ndovu, pembe za faru na magamba ya kakakuona. Mpango wa mbwa wa namna hii ulianzishwa na shirika la African Wildlife Foundation mwaka 2014. Mbwa hufundishwa Usa River, karibu na Arusha, pamoja na askari watakaofanya nao kazi, wakiwemo wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS). Inafaa tuichambue njia inayomfikisha mbwa mahali ambapo neno lake linaweza kufungulisha kontena zima.

Hatua ya kwanza ni kuifanya harufu iwe habari njema. Mbwa anayeupenda mpira kuliko kitu chochote huonyeshwa harufu inayotafutwa. Akiinusa tu, mpira unatokea. Hapo muda ndio kila kitu. Ujira ukichelewa kidogo, mbwa ataamini amelipwa kwa kugeuza shingo. Kwa hiyo wakufunzi wengi hutumia mlio mfupi wa kidude cha kubonyeza, unaomwambia “hapo hapo!” kabla ya ujira kumfikia. Kule Morogoro, Tanzania, shirika la APOPO huwafundisha panya buku kutambua mabomu ya ardhini kwa mlio kama huo na ndizi. Magawa, panya aliyezaliwa Tanzania na kutunukiwa mwaka 2020 nishani ya dhahabu ya PDSA, shirika la wanyama la Uingereza, alitoka katika mafunzo hayo.

Hatua ya pili ni kuongeza ugumu, jambo moja kwa wakati mmoja: masanduku machache, halafu mengi, mahali tulivu, halafu penye kelele za matrela. Mbwa akikosea, hapigwi. Mkufunzi hurudi nyuma hatua moja, mbwa apatie tena, kisha waendelee. Ujasiri hujengeka hapo, kwa sababu mnyama amejua kuwa kujaribu hakumletei maumivu. Watafiti walilipima jambo hili mjini Porto, Ureno, na kuchapisha matokeo mwaka 2020. Bakuli lilipowekwa mahali pasipoeleweka kama pana chakula au la, mbwa waliozoeshwa adhabu walilisogelea polepole zaidi kuliko wenzao waliofunzwa kwa ujira. Walikuwa wameshakata tamaa kabla hawajafika.

Hatua ya tatu ndiyo inayosahaulika: mbwa afundishwe kusema “hakuna”. Mwaka 2011, watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, waliwapeleka mbwa 18 na washikaji wao mahali pasipokuwa na harufu yoyote iliyofichwa, lakini washikaji waliambiwa huenda ipo. Dalili za uongo zilizohesabiwa zilikuwa 225. Huenda mbwa walikuwa wakizisoma nyuso za mabwana zao. Dawa yake ni mazoezi ambayo hata mshikaji hajui jibu, yenye masanduku mengi matupu, ili mbwa azoee kuitegemea pua yake.

Joto letu nalo lina neno, maana mbwa anayehema kwa jua hanusi sawasawa. Mwaka 2018, bandarini Mombasa, mashirika ya uhifadhi ya WWF na TRAFFIC, pamoja na KWS, walikuwa na njia ya kuvuta hewa kutoka ndani ya kontena kupitia vichujio, kisha mbwa akaletewa vichujio avinuse. Kazi ilipangwa imfae mbwa, naye akapata nafasi ya kupatia.

Turudi getini Shanzu. Wengi wetu Pwani tumelelewa katika madhehebu ya Shafi, ambamo mate ya mbwa ni najisi. Watoto wengi wakamjua mbwa kwa kumrushia mawe, na mbwa wakawajua watu kwa mawe hayo. Ila Qurani yenyewe, katika Sura ya Al-Maida, inamtambua mnyama wa kuwindia aliyefundishwa. Na njia hii haimlazimishi mtu kumgusa mbwa: askari anaweza kumrushia dagaa chini, palepale mbwa anapomtazama mpita njia na kunyamaza. Bodaboda ikipita mbali, dagaa. Kesho isogee kidogo. Akibweka kwa hofu, amesogezewa mapema mno, rudini nyuma. Mnyororo nao ufunguliwe kila siku, maana asiye na pa kukimbilia hana budi kutisha.

Mbwa aliyelipwa kwa kunyamaza penye amani hana sababu ya kubwekea mwavuli. Siku atakapobweka saa nane za usiku, amka.