Sikio la Geti

Stima ya Kenya ina noti yake. Mkondo wake huzunguka mara 50 kwa sekunde, na ukibonyeza freti ya tatu kwenye uzi mnene wa gitaa la besi unapata G ya hezi 49. Ndiyo maana ukumbi wenye nyaya mbovu, uwe Kitengela au Kajiado mjini, huanza kuimba kabla ya kwaya. Spika zinavuma G iliyopanda kidogo, isiyochoka wala kupumua. Wimbo ukiangukia katika G, mvumo na besi hukwaruzana, sauti ikajaa na kupwa mara moja kila sekunde. Ukiangukia katika F shapu, hapo ni vita vya waziwazi.

Katika vita hivyo ndimo alimo fundi ninayetaka kumsifu. Huyu hapigi solo wala haimbi. Yeye hupiga magoti sakafuni watu wakiwa hawajafika, mwanga wa simu ukimulika mikono yake, akaunganisha pedali moja na nyingine, na miongoni mwa pedali hizo mna kisanduku kimoja kisichotoa sauti yoyote. Wanamuziki wanakiita noizi geti. Kazi yake ni kufunga njia mpigaji anaponyamaza na kuifungua anapopiga. Swali ni kikae wapi katika msururu, na jibu la swali hilo ndilo linalompambanua fundi na mbeba waya.

Mahali penyewe pana sababu nyingi za kumhitaji. Ukitoka Athi River ukaifuata barabara ya Namanga, Kitengela inakupokea kwa makanisa ya mabati, vilabu vya nyama choma na muziki, na mafundi wa jua kali wanaochomelea milango na madirisha kando ya lami. Mashine ya kuchomelea ikiwa kwenye laini moja na kinanda cha kanisa, kila cheche inasikika madhabahuni. Ukiendelea Isinya hadi Kajiado na kuingia ndani vijijini, stima inapungua na badala yake yanakuja majenereta na sola. Inveta za bei nafuu za sola hazitoi wimbi laini kama la stima ya gridi. Zinatoa wimbi lenye kona, na kila kona ni mlio ndani ya amplifaya. Ongeza chaja za simu zilizochomekwa kwenye ekstensheni moja na mikisa, na taa za mirija zilizozeeka, upate picha kamili.

Mgeni wa mambo haya atazilaumu zile nguzo za nyaya za volti 400,000 zilizosimama Isinya. Zinasingiziwa. Nguvu ya sumaku inayouzunguka waya hufifia upesi kadiri unavyojitenga nao, na gitaa lililo kilomita kadhaa mbali haliwezi kuonewa na nguzo hizo. Adui yuko ndani ya chumba, mara nyingi mita moja kutoka kwa mpigaji: transfoma ya amplifaya yake mwenyewe, ama adapta ya pedali aliyoiweka chini ya kiti.

Mvumo huingia kupitia pikapu. Pikapu ni sumaku iliyoviringishiwa waya mwembamba maelfu ya mara, nayo hunasa mtikisiko wa nyuzi na stima ya hewani bila kubagua. Mwaka 1955 Seth Lover, mhandisi wa Gibson huko Marekani, aliwasilisha ombi la hataza la pikapu yenye koili mbili zilizopangwa kinyume, ili mvumo unaoingia koili moja ufutwe na ule wa koili ya pili huku sauti ya nyuzi ikijumlishwa. Hiyo ni kazi ya akili iliyotulia, na bado inatumika dunia nzima. Lakini magitaa mengi yanayopigwa huku kwetu yana koili moja moja, na hata lenye koili mbili haliwezi kuzuia mfoko, mlio wa fyuuu unaozaliwa baadaye, ndani ya pedali zenyewe.

Fundi mzuri hataji geti mapema. Kwanza anamwomba mpigaji aguse nyuzi, kisha aachie. Mvumo ukipungua anapogusa na kurudi anapoachia, fundi amejua jambo: mwili wa mpigaji ulikuwa ukinasa stima ya hewani na kuirushia pikapu, na nyuzi zilipomfunga kwenye waya wa ardhi, ukatulia. Mvumo ukiongezeka anapogusa, kuna waya umekatika au umegeuzwa mahali fulani, pengine ndani ya jeki, ambapo lehemu imepasuka na uzi mmoja wa shaba umebaki ukining'inia. Anafungua, analehemu upya, anajaribu tena. Baada ya hapo anazigeuza adapta, anazitenganisha nyaya za stima na nyaya za sauti, na mahali zinapolazimika kukutana anazivusha msalaba badala ya kuzilaza sambamba. Kuna jambo moja halifanyi kamwe, nami ninamheshimu kwa hilo kuliko ujuzi wake wote: hang'oi waya wa ardhi kwenye plagi ili mvumo uishe. Mvumo unaweza kuisha kweli, lakini amplifaya ikipata hitilafu siku hiyo, nyuzi zina stima, na mdomo wa mpigaji ukigusa maikrofoni stima inapita mwilini mwake. Anayefanya hivyo anachezea roho ya mtu kwa sababu ya kelele.

Usafi huo una maana kubwa kwa sababu geti halichuji. Likiwa wazi, mvumo unapita pamoja na muziki, ila masikio hayauoni kwa sababu muziki umeufunika. Likifungwa, vyote viwili vinazimika. Anayetegemea geti peke yake atakuwa na nyimbo chafu zenye nafasi safi katikati, na hilo linasikika vibaya kuliko mvumo wa moja kwa moja, kwa kuwa sasa sikio linausikia mvumo ukija na kuondoka kwa kila noti.

Sasa mahali pake. Chukua mfano. Gitaa lililopigwa kwa nguvu linatoa, tuseme, milivolti 200, na mvumo ulionaswa na pikapu ni milivolti 1. Noti imeuzidi mvumo mara 200. Hata kipofu wa sauti anazitenganisha. Pitisha vyote katika pedali ya distosheni inayokuza mara 100. Mvumo unakuwa milivolti 100. Noti ingekuwa volti 20, lakini pedali ya betri ya volti 9 haina volti 20 za kutoa, na dayodi zake za silikoni zinaikata noti karibu na volti 0.7. Noti imegonga dari ilhali mvumo umeendelea kupanda. Ile tofauti ya mara 200 imebaki mara 7 hivi, na noti iliyopigwa kwa upole, au ile inayofifia, imekaribiana na mvumo kiasi kwamba geti halijui lifunge nini.

Hapo ndipo mabishano ya wapiga gitaa yanapotoka, na pande zote mbili zina haki. Wanaoliweka geti mwanzoni, mara baada ya gitaa, wanasema linaona vizuri hapo, nao wanasema kweli. Lakini distosheni inazaa mfoko wake yenyewe, ule mlio wa fyuuu unaotoka ndani ya transista na vipingamizi, na geti lililoko kabla yake haliwezi kuuzuia. Wanaoliweka baada ya distosheni wanasema hapo linazuia kila kitu. Nao wanasema kweli. Ila hapo linakuwa kama limefumbwa macho: ukiinua kizingiti, kile kiwango cha sauti kinachofungua geti, linakata mkia wa noti, ukikishusha mfoko unapenya.

Jibu ninaloliamini ni kutenganisha sikio la geti na mlango wake. Sikio likae kwenye gitaa lenyewe, ambako noti na mvumo bado vimeachana mbali. Mlango ukae baada ya pedali zinazopiga kelele. Boss waliweka njia hiyo ndani ya NS-2, kisanduku kilichotoka mwaka 1987: gitaa linaingia, linatoka kwenda kwenye distosheni, linarudi, ndipo linapoendelea na safari. Kisanduku kinasikiliza gitaa safi, kinafunga sauti chafu. Na kama distosheni inatoka kwenye amplifaya yenyewe, fundi anatumia nyaya nne na kuuweka mlango ndani ya lupu ya amplifaya, kati ya hatua ya kwanza na hatua ya nguvu, huku sikio likibaki palepale kwenye gitaa. Nimeona watu wazima wakikaza paji la uso mbele ya nyaya hizo nne. Fundi aliyeizoea kazi anazichomeka akiwa anazungumza nawe.

Kompresa iwekwe kati ya sikio na mlango pia, kwa sababu inainua kilicho hafifu, na mvumo ni hafifu. Mwangwi na riveba vibaki nje, baada ya geti. Hili halina mjadala. Kuweka geti baada ya mwangwi ni kumwalika mtu azungumze halafu ukamziba kinywa kabla hajamaliza neno la mwisho.

Kupanga vitufe ni kazi nyingine, na hapa Umaasaini pananipa mfano usio na mpinzani. Jioni ng'ombe wanaporudi, mwenye boma husimama penye njia ya kuingilia akiwatazama wakipita. Akiuziba mlango kwa miiba mapema, ndama wa mwisho analala nje. Akichelewa, fisi anaingia. Kizingiti cha geti la gitaa ndicho kinachoamua nani ni ng'ombe na nani ni fisi, na kitufe cha kuachia ndicho kinachoamua usubiri kiasi gani baada ya mkia wa mwisho. Fundi hukipanga hivi: anamwambia mpigaji anyamaze, anapandisha kizingiti taratibu hadi mvumo ukatike ghafla, anaongeza kidogo tu, basi. Kisha anamwambia apige noti moja na kuiacha ife yenyewe. Anasikiliza mwisho wake. Ikikatika ghafla, anaongeza muda wa kuachia. Anarudia kwa noti laini kuliko zote zilizomo katika wimbo, maana geti linalopita mtihani wa noti kubwa halijapita mtihani wowote.

Lakini kuna muziki ambao nisingeuwekea geti hata kidogo. Ndugu wawili wa Tanga, Wilson na George Peter Kinyonga, walipitia Arusha kabla ya kuhamia Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakaijenga Simba Wanyika. Sikiliza magitaa ya bendi hiyo, au ya Les Wanyika waliojitenga nayo mwaka 1978: solo inameremeta bila distosheni, rizimu inajibu, na kila noti inaachwa ipumue ndani ya noti inayofuata. Benga ya D. O. Misiani na Shirati Jazz nayo ni hivyo hivyo, ila kwa kasi zaidi. Kwa wapigaji hao geti lilikuwa mkononi. Ubavu wa kiganja cha kulia ulikaa karibu na daraja la gitaa, vidole vya kushoto vililegezwa mara noti ilipotimiza kazi yake, na ukimya ukapatikana kwa nyama na mfupa. Kijana wa Kitengela anayejifunza solo ya benga na kununua noizi geti kabla ya kuufunza mkono wake amenunua fimbo kabla ya kujifunza kutembea.

Geti linapohitajika kweli ni kwenye roki nzito. Nairobi imezaa bendi za metali kama Last Year's Tragedy, na muziki huo unaishi kwa kusimama ghafla: magitaa mawili, ngoma na besi vinagonga pamoja, kisha kimya kitupu kwa nusu pigo, kisha vinagonga tena. Kimya hicho kikijaa mfoko, pigo linalofuata limekufa. Huko geti ni sehemu ya upigaji, na kitufe cha kuachia kinawekwa kifupi kabisa. Watu wa studio walikwisha kuligeuza ala kamili: mwaka 1980, katika wimbo wa “Intruder” wa Peter Gabriel, mwangwi mkubwa wa ngoma za Phil Collins uliachwa ujae halafu ukakatwa na geti kabla haujafifia, na sauti hiyo ikatawala muongo mzima. Kwa hiyo kanuni yangu ya mwangwi inaweza kuvunjwa, mradi anayeivunja awe ameikusudia.

Kinachonivuta katika ufundi huu ni kwamba ukifanikiwa hakuna anayeujua. Mpigaji anasifiwa kwa vidole vyake, mwimbaji kwa koo lake. Aliyeilehemu jeki, akazivusha nyaya msalaba na kuliweka sikio la geti mahali linapoona, anakunja ekstensheni zake na kupanda matatu. Malipo yake hupangwa mwisho, baada ya viti na hema.

Nina ombi kwa wazee wa makanisa na wenye vilabu kuanzia Kitengela hadi Kajiado. Mpeni fundi wenu nusu saa ya ukumbi mtulivu kabla watu hawajaingia: feni zimezimwa, watoto wako nje, hakuna anayejaribu maikrofoni. Kizingiti hakipangwi katikati ya makelele. Na mkija kugawa pesa za siku, jina lake liwe kwenye orodha moja na la mpiga solo.