Kunguru wa Kibokoni na Kanuni ya Theluthi

Ukitaka kujua anayejifunza kupiga picha za viumbe anaiga nini, tazama kunguru wake. Kibokoni ndege huyu hatafutwi: yuko juu ya waya, yuko kwenye roshani, yuko jaani. Lakini katika picha nyingi za wanaoanza, Kibokoni yenyewe huioni. Unaona kichwa kimevutwa karibu, nyuma ukungu, jicho limekaa pale pale mistari ya gridi inapokutana. Safi, sikatai. Ila kunguru huyo angeweza kuwa Dar.

Kanuni hiyo ya theluthi iliandikwa na Mwingereza, John Thomas Smith, mwaka 1797, akizungumzia michoro ya mandhari ya mashambani, kwenye mbingu pana na ardhi pana. Mbingu ya uchochoro wa Kibokoni ni utepe tu. Utaigawa mara tatu vipi?

Mimi namsifu anayerudi nyuma hatua tano (aangalie bodaboda kwanza). Hapo roshani ya mbao inaingia, na picha inaanza kusema kitu. Kunguru huyu asili yake Bara Hindi, aliletwa Zanzibar miaka ya 1890. Na nakshi za roshani nyingi za hapa zina mkono wa Kihindi. Wote walikuja kwa bahari, wakawa wenyeji.

Halafu mwanga. Ukuta mweupe huihadaa simu, kunguru akatoka doa jeusi, ile shingo ya kijivu haipo. Mguse ndege kwenye kioo, simu impime yeye. Ukuta ukizidi weupe kidogo, wacha uzidi.