Tumaini na Tamaa katika "Safari ya Msafiri"

Mithali ya Waswahili yasema: baada ya dhiki faraja. Mithali hii imewatuliza wengi, lakini ina pengo moja ambalo mwenye dhiki huliona upesi kuliko yule anayekuja kumfariji, nalo ni kwamba haisemi neno juu ya muda ulio kati. Dhiki ipo leo, faraja iko baadaye; mtu ataishije katika siku zile asizojua hesabu yake? Swali hili ndilo linaloshughulikiwa na kitabu cha John Bunyan kijulikanacho kwa wasomaji wa Kiswahili kwa jina la Safari ya Msafiri. Isabel Hofmeyr, katika uchunguzi wake uliochapishwa mwaka 2004, ameonyesha kwamba kitabu hiki kimefasiriwa katika lugha zipatazo 80 za Afrika. Hata hivyo, mara nyingi kimesomwa kama chuo cha mafundisho ambacho maana yake imekwisha kuelezwa kabla hakijafunguliwa. Makala hii yakusudia kukitazama kama kazi ya sanaa, na kuuliza ni tumaini la namna gani linalopatikana humo. Majina ya wahusika na ya mahali yametolewa hapa kwa maana yake.

Haifai kukihukumu kitabu pasipo kujua kilipozaliwa. Bunyan alizaliwa mwaka 1628 katika kijiji cha Elstow, karibu na mji wa Bedford, Uingereza. Kazi yake ilikuwa ile ya baba yake, kutengeneza masufuria na vyombo vya chuma vilivyotoboka. Mwaka 1658 mke wake wa kwanza alifariki, akamwachia watoto wanne, na mmoja wao, Mary, alikuwa kipofu. Novemba 1660 alikamatwa kwa kosa la kuhubiri bila idhini ya Kanisa la serikali, akakaa gerezani mpaka mwaka 1672. Mkewe wa pili, Elizabeth, alisimama mbele ya mahakimu mwaka 1661 kumwombea, lakini hakufanikiwa. Mle gerezani Bunyan alitengeneza kamba nyembamba zenye ncha za chuma, za kufungia nguo, ili wanawe wapate riziki.

Jambo lililo kubwa kupita yote katika habari hii ni kwamba mlango wa gereza lile ulikuwa na komeo upande wa ndani pia. Kama angaliahidi kutohubiri tena, angaliachiwa. Kwa hiyo kila asubuhi ya miaka ile 12 alikuwa akichagua upya kubaki, huku akijua kwamba mtoto wake kipofu ndiye alipaye sehemu ya gharama. Katika kitabu chake cha mwaka 1666, alichokiandika akiwa bado kifungoni, aeleza jinsi fikira ya mtoto huyu ilivyomchoma moyo kuliko fikira ya wengine wote waliobaki nyumbani. Msomaji akiisha kujua hayo, hawezi kudhani kwamba Safari ya Msafiri, iliyochapishwa mwaka 1678, ni maneno ya mtu aliyeketi kivulini akiwahubiria subira walio juani.

Lugha ya Kiswahili yaweza kutusaidia kuingia ndani ya kitabu hiki kwa njia ambayo lugha ya mwandishi mwenyewe haikuwa nayo. Kiswahili kina maneno mawili, tumaini na tamaa, yote mawili yenye asili ya Kiarabu, ambayo katika mazungumzo ya kila siku hukaribiana sana. Tamaa ni shauku ya kupata kitu kisichopo mkononi. Tumaini, kwa asili yake, lahusu kutulia kwa moyo, kukaa pasipo wasiwasi. Ajabu ni kwamba mtu aliyevunjika moyo kabisa husemwa kuwa amekata tamaa. Ni nadra zaidi kusikia kwamba amekata tumaini. Ni kana kwamba lugha imejua tangu zamani kuwa kinachokatika ni ile kamba ya shauku, na kwamba kile kitulizacho moyo hakina budi kutafutwa mahali pengine. Tofauti hii ndiyo uti wa mgongo wa kitabu cha Bunyan.

Yaonekana mapema sana. Mhusika mkuu, Mkristo, atoka katika Mji wa Uharibifu akiwa na mzigo mgongoni. Jirani yake, aitwaye Mwepesi wa Kugeuka, afuatana naye kwa furaha kubwa, akiuliza mambo mema watakayoyapata huko waendako. Wote wawili watumbukia katika Dimbwi la Huzuni. Mwepesi akasirika, ajikwamua upande ulio karibu na nyumbani kwake, arudi. Mkristo, mwenye mzigo uzidio kumzamisha, ajitahidi kuelekea upande wa pili, mpaka ashikwe mkono na kutolewa. Bunyan hakumfanya Mwepesi kuwa mtu mwovu. Alikuwa na tamaa njema; alitamani mbingu. Lakini tamaa, hata iwe njema namna gani, haina la kumwambia mtu aliye ndani ya tope.

Katika nyumba ya Mfasiri, Mkristo aonyeshwa watoto wawili vitini. Mmoja, Shauku, ataka kila kitu leo. Aletewa mfuko wa hazina, amcheka mwenziwe, na baada ya kitambo kidogo hana kitu ila matambara. Wa pili, Subira, hungoja kwa utulivu. Kisha aonyeshwa moto uwakao karibu na ukuta, na mtu akiumwagia maji bila kukoma, lakini moto wazidi kupanda. Apelekwa nyuma ya ukuta, na huko yuko mwingine atiaye mafuta motoni kwa siri. Hapa pana fundi mkubwa wa mifano. Mtu wa maji yuko mbele, aonekana. Mtu wa mafuta yuko nyuma, haonekani. Mwandishi hakusema kwamba maji yatakoma, wala hakumfukuza mmwagaji. Asemalo ni kwamba moto una chanzo kisichotegemea yatokeayo mbele ya ukuta. Huo ndio uthabiti wa imani kama Bunyan alivyouelewa, na hapana shaka kwamba mfano huu ulitoka kwa mtu aliyejiuliza mara nyingi kwa nini bado hajazimika.

Mtu asije akadhani kwamba tumaini hili ni jambo la moyo wa mtu mmoja peke yake. Mpango wa hadithi wakataa. Katika Soko la Ubatili, Mkristo na mwenziwe, Mwaminifu, wakamatwa kwa sababu hawataki kununua bidhaa za pale. Mwaminifu ahukumiwa, apigwa, achomwa moto. Hapo ndipo anapotokea mhusika aitwaye Mwenye Tumaini. Hakutoka mbinguni wala katika nyumba ya mtakatifu yeyote. Alikuwa mwenyeji wa soko lile lile, aliyeyatazama maneno na mwenendo wa wafungwa wale katika mateso yao, akaamua kufuatana na yule aliyebaki. Basi tumaini, katika kitabu hiki, huzaliwa kutokana na uaminifu wa mtu mwingine aliyekwisha kufa. Bunyan hakuliandika fundisho hili kwa maneno makavu. Aliliweka katika utaratibu wa kuja na kutoweka kwa wahusika, nalo lina nguvu zaidi kwa sababu hiyo.

Sehemu iliyo kilele cha jambo hili ni ile ya Ngome ya Shaka. Njia imekuwa ngumu na miguu ya wasafiri yauma. Kando ya njia pana malisho laini, na kijia chaonekana kufuata upande ule ule. Mkristo amshawishi mwenziwe wavuke ua. Usiku wawakuta, mvua yanyesha, wapotea, na asubuhi wakamatwa na Jitu Kata-Tamaa, mwenye ngome ile. Awafunga shimoni kutoka Jumatano asubuhi mpaka Jumamosi usiku, pasipo mkate, maji wala mwanga. Awapiga kwa rungu. Kisha awashauri wajiue, kwa kisu, kwa kitanzi au kwa sumu, maana, asema, hakuna njia nyingine ya kutoka. Awaonyesha mifupa ya waliowatangulia. Yafaa kuangalia utaratibu huu kwa makini: kilichowatoa njiani ni tamaa, tena tamaa ndogo ya kustarehesha miguu, na aliyewakamata ni yule aikataye tamaa. Mmoja huwaandaa watu kwa ajili ya mwingine.

Mkristo karibu akubali shauri la jitu. Mwenye Tumaini ndiye amzuiaye, na hoja zake si za kishujaa. Amkumbusha kwamba kujiua kumekatazwa, na kwamba huenda jitu akafa, au akasahau kufunga mlango, au akapatwa tena na ugonjwa wake, ambao siku za jua humlegeza mkono. Amkumbusha pia hatari alizokwisha kuzipita. Ni maneno madogo, ya mtu avutaye saa moja baada ya nyingine, na kwa udogo wao yaaminika. Usiku wa manane wa Jumamosi waanza kusali, hata karibu na mapambazuko. Ndipo Mkristo ashtukapo na kujiita mpumbavu: kifuani mwake mna ufunguo uitwao Ahadi, na siku zote hizo alikuwa nao. Mlango wa shimo wafunguka, wa pili nao, na lango la chuma nalo, ingawa kufuli yake ni ngumu sana.

Wako wawezao kulaumu kwamba ufunguo huu ni hila ya msimulizi aliyekwama. Hakuutaja kabla ya hapo, na sasa wachomoza wakati auhitajipo. Lawama hii ingekuwa na haki kama kitabu hiki kingekuwa hadithi ya vituko. Lakini kosa la wafungwa lilikuwa kusahau, na msimulizi amemfanya msomaji ashiriki kosa hilo: naye hakuukumbuka ufunguo. Dhiki hufanya hivyo hasa. Haimnyang'anyi mtu alicho nacho. Humfanya asahau kwamba anacho. Zaidi ya hayo, ufunguo haukutoka nje ya gereza. Hakuna malaika aliyeuleta, wala jitu hakuhurumia. Aliyeandika hayo alikuwa ameishi miaka 12 ambayo malaika hakuja.

Kwamba Bunyan alipambanua kwa makusudi kati ya tumaini na kivuli chake, kwathibitika mwishoni. Wasafiri wafika kwenye mto usio na daraja. Mkristo azama, aona giza, aogopa kwamba hatafika. Mwenye Tumaini amshikilia kichwa juu ya maji, akimwambia kwamba yeye aihisi nchi chini, nayo ni imara. Baadaye kidogo, mtu aitwaye Ujinga avuka mto ule ule kwa urahisi mkubwa, kwa sababu amempata mvushaji mwenye mashua, na jina la mvushaji huyo ni Tumaini Bure. Mwenye imani karibu afe maji. Asiye nayo avuka mkavu. Lakini Ujinga afika langoni na kukataliwa. Kwa hiyo wepesi wa kuvuka si dalili ya tumaini la kweli, wala hofu ya kuzama si dalili ya kulikosa. Ni vigumu kupata mahali pengine ambapo mwandishi wa dini amewatendea haki waoga kiasi hiki.

Uhakiki wa kweli hauwezi kuficha kasoro, na kitabu hiki kina mbili zilizo kubwa. Ya kwanza ni mtu aliyefungwa katika tundu la chuma, nyumbani kwa Mfasiri. Yeye amekata tamaa kabisa, asema hawezi kutubu, na kitabu chamwacha humo. Hakuna ufunguo wa tundu lile. Imani ya Bunyan juu ya wateule ilimlazimisha kuliweka, na huruma yake haikuweza kulifungua. Msomaji aondoka akiwa na swali ambalo Mfasiri hajibu. Ya pili yawaumiza zaidi wasomaji wa Kiafrika: Mkristo aanza safari yake kwa kuwakimbia mke na watoto, akijiziba masikio wasimrudishe. Kwa watu wanaojua kwamba mtu ni watu, mwanzo huu ni mchungu, na yawezekana kwamba ulikuwa mchungu kwa mwandishi mwenyewe, ambaye wanawe walikuwa nje ya gereza.

Sehemu ya pili, iliyochapishwa mwaka 1684, yasomeka kama malipo ya deni hilo. Mke, wanawe wanne na rafiki yao wasafiri pamoja, wakiongozwa na Moyo Mkuu. Wafikapo kwenye Ngome ya Shaka hawafungwi humo: wanaume wao wamwua jitu, wabomoa ngome kwa muda wa siku saba, na kuwatoa mzee aliyekaribia kufa njaa pamoja na binti yake, Hofu Nyingi. Kisha pachezwa ngoma, na binti yule acheza na kiwete aliyeshika gongo lake kwa mkono mmoja. Mtu peke yake alitoroka kutoka kwa Kata-Tamaa. Jamaa ndiyo iliyomshinda.

Mithali yasema kweli kwamba baada ya dhiki faraja, naye Bunyan hakuikanusha. Aliongeza habari za siku za katikati: kwamba humo pana mtu atiaye mafuta nyuma ya ukuta, pana mwenzi ashikaye kichwa cha anayezama, na kifuani pana ufunguo uliosahauliwa. Tamaa yaweza kukatika mara nyingi kabla ya mapambazuko ya Jumapili, na mtu akawa bado hajapotewa na tumaini.