Uzuri wa Chombo na Jasho la Mfanyakazi

Chombo cha mapambo cha jiwe la oniksi na bronzi iliyopakwa dhahabu, kilichotengenezwa Paris katika karne ya 19, husifiwa kwa umbo lake la Kigiriki na Kirumi. Sifa hiyo ni nusu ya ukweli. Oniksi iliyopendwa na matajiri wakati wa Napoleon III ilichimbwa Algeria, nchi iliyovamiwa na Ufaransa mwaka 1830. Karakana ya Ferdinand Barbedienne iliuza vyombo vya jiwe hilo. Upakaji dhahabu wa jadi nao ulitumia zebaki: ilipochomwa, mvuke wake uliwapa sumu mafundi.

Sisi wakufunzi tulikosea tulipowafundisha wanafunzi kwamba vyombo hivi ni takataka za mabwanyenye. Mkono uliochonga haukuwa wa bwanyenye. Tukiidharau kazi yake, tunamnyonya mfanyakazi mara ya pili. Tunachopaswa kulaani ni mfumo ulioacha jina la mwenye karakana likae peke yake juu ya jasho la wengi.

Kwa hiyo, kada akitazama chombo kama hiki na aulize: nani alichimba, nani alichonga, nani alivuta mvuke ule?