Tone Lile Halikupaswa Kutiwa

Mmeiona ile video ya Boerboel. Imezunguka kwenye simu za wafugaji wa mbwa kuanzia Arusha hadi Nairobi, na nadhani wengi wenu mmeirudia kama nilivyoirudia mimi. Dume kubwa, ngozi ya shingo imekuwa nene na nyeusi kwa kujikuna miezi na miezi, makwapa mekundu, jicho la kushoto amelifumba nusu na machozi yanachuruzika hadi mdomoni. Daktari anafanya kazi kwa utulivu. Kisha anafika kwenye jicho. Anafungua kope kwa kidole gumba, anatazama kwa sekunde chache, anamweleza mwenye mbwa kwamba hii nayo ni aleji, anachukua chupa ya matone yenye deksamethasoni na neomaisini, anatia mawili. Mara tatu kwa siku, anasema, kwa siku saba.

Hapo ndipo jicho lilipopotea. Kipande cha pili cha video, cha siku chache baadaye, kinaonyesha matokeo tu: konea imekuwa ya kijivu, imelegea, inavutika kama ute wa yai. Wanaobishana kama mwenye mbwa aliruka dozi, au kama mbwa alijikuna usiku, wanapoteza muda. Kosa lilifanyika kwenye tone la kwanza, mbele ya kamera.

Kazi ya ngozi ilikuwa safi, na niiseme kwa haki yake: alimpima uzito kabla ya dozi, alipitisha kitana cha viroboto, alikwaruza ngozi na kuitazama kwenye hadubini kutafuta utitiri, akaagiza dawa ya viroboto kwa kila mnyama wa nyumba ile, paka akiwemo.

Sasa turudi kwenye jicho. Isimamisheni video pale kope inapofunguliwa. Kitu cha kwanza ni kule kufumba. Jicho la mzio linawasha, linakuwa jekundu, linatoa machozi, lakini kwa kawaida mbwa hulifungua. Anayelifumba ana maumivu, na maumivu ya jicho jekundu yana orodha fupi: kidonda cha konea, uvimbe wa ndani ya jicho, presha ya jicho, kitu kilichonasa chini ya kope. Cha pili, ni jicho moja. Mzio wa ngozi ile, uliotapakaa shingo na makwapa yote mawili, una sababu gani ya kuchagua jicho la kushoto peke yake? Cha tatu ndicho kinachoniuma zaidi, kwa sababu kinaonekana hata kwenye simu ya bei nafuu: tochi inapopita, ule mng'ao wa taa juu ya konea haubaki duara. Unavunjika, chini kidogo ya katikati, pale penye wingu la buluu hafifu. Konea nzima hurudisha mwanga bila mkunjo. Mng'ao ukivunjika, uso wa konea umechimbika.

Daktari alikuwa na hayo matatu mbele yake na hakuomba rangi.

Rangi ya fluoresini si teknolojia ya jana. Adolf von Baeyer aliitengeneza mwaka 1871, na kabla karne ile haijaisha madaktari wa macho walikuwa tayari wanaitumia kutafuta mikwaruzo ya konea. Ni ukanda wa karatasi wenye ncha ya rangi ya chungwa. Unaulowesha kwa tone la maji ya chumvi yaliyotakaswa, unagusisha ndani ya kope, mbwa anapepesa, unaosha, unatazama kwa taa ya buluu au hata kwa tochi ya kawaida ukiwa huna nyingine. Tabaka la juu la konea likiwa zima, rangi haishiki. Likiwa limechubuka, tabaka la chini linainywa na doa linawaka kijani. Kuna mtego mmoja ambao wajuzi mnaujua: kidonda kilichofika kwenye utando wa mwisho hushika rangi pembeni tu, kitovu chake kinabaki cheusi, na hicho ndicho kidonda cha kukimbizwa kwenye upasuaji siku hiyo hiyo. Kazi yote haizidi dakika tatu. Katika video ile, dakika tatu zilitumika kusafisha masikio.

Na kama karatasi haipo? Nimeshasikia utetezi huo. Jibu lake ni la zamani kuliko sisi sote: jicho lenye maumivu ambalo hujalipima linahesabiwa kuwa na kidonda hadi lithibitike kuwa halina. Ukikosa rangi unatia antibiotiki tupu, unamvisha mbwa kola ya kumzuia asijikune uso, unampeleka mahali penye rangi. Hutii steroidi kwa kubahatisha.

Tuseme wazi steroidi inafanya nini pale. Konea ya mbwa ina unene wa kama nusu milimita na zaidi kidogo. Ikichubuka juu tu, seli za pembeni huteleza na kuziba pengo, na kidonda chepesi hupona ndani ya wiki moja. Tone la deksamethasoni linazizuia seli hizo zisisogee, linadhoofisha ulinzi wa mahali pale, na linavipa nguvu vimeng'enya vinavyokula kolajeni. Akiingia bakteria wa Pseudomonas, naye ana vimeng'enya vyake. Hapo konea haioozi taratibu, inayeyuka, na inaweza kutoboka ndani ya siku moja au mbili. Neomaisini iliyomo kwenye chupa ile ile haiokoi kitu. Pseudomonas mara nyingi haijali dawa hiyo. Kidonge cha prednisoloni kwa siku chache, kwa ajili ya ule muwasho, kisingenikasirisha kiasi hiki, kwa kuwa konea haina mishipa ya damu na dawa ya mdomoni haiifikii kwa nguvu ile. Tone linatua moja kwa moja juu ya kidonda.

Tabia hii imetoka wapi? Nitasema tena nililolisema miaka yote, hata kama kuna waliochoka kulisikia: imetoka kwa German Shepherd. Huku kwetu nyanda za juu, Nairobi, Limuru, Arusha, jua ni kali na mwinuko ni mkubwa, na ugonjwa wa konea uitwao pannasi unawaandama mbwa hao, kwa kuwa ugonjwa ule unachochewa na miale ya jua na huzidi kadiri unavyopanda juu. Matibabu yake ni steroidi ya matone au saiklosporini, maisha yote, na inafanya kazi vizuri. Basi daktari akishaokoa macho kadhaa ya German Shepherd kwa chupa ile, mkono wake unaanza kuifuata chupa kabla macho yake hayajaona kitu. Lakini pannasi inaanzia pembe ya nje ya konea, inakuja macho yote mawili, ni utando wa waridi unaotambaa, na mbwa halifumbi jicho. Boerboel yule alikuwa kinyume kwa kila kipengele. Na hata kwa German Shepherd, aliyefundishwa vizuri anatia rangi kwanza.

Waliotangulia walijua. Otto Schirmer alieleza mwaka 1903 namna ya kupima machozi kwa ukanda wa karatasi, na hadi leo hakuna mashine iliyoufanya ukanda ule usihitajike kliniki: milimita 15 au zaidi kwa dakika ni sawa, chini ya 10 una tatizo la jicho kavu. Muller na Kirk walipotoa kitabu chao cha magonjwa ya ngozi ya wanyama wadogo mwaka 1969, walilea vizazi vya madaktari walioanza na kikwaruzio na hadubini kabla ya sindano. Na wale mabwana wa zamani waliotufundisha, waliokwenda kwa pikipiki na begi moja la ngozi, walikuwa na mpangilio usiovunjwa: tochi, ukanda wa machozi, rangi, ndipo dawa. Leo tuna oklasitinibu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2013, inayotuliza muwasho bila steroidi. Tuna sindano ya lokivetimabu. Tuna kila kitu, na tunashindwa na kitu ambacho mzee mmoja mwenye tochi asingeshindwa.

Wakati wa maonyesho ya mbwa ya Crufts ya mwaka 2012 kule Birmingham, washindi sita wa jamii zao walikataliwa na madaktari, Mastiff na Neapolitan Mastiff wakiwemo, na macho yalikuwa miongoni mwa sababu. Wafugaji walilalamika kwamba madaktari walitumia tochi tu. Tochi tu ilitosha.

Nina ugomvi mwingine, na video ile imeufufua. Mbwa huyu, kwa maelezo ya mwenyewe mwanzoni mwa video, amekuwa akipewa vidonge vya salfa kwa miezi kwa ajili ya usaha wa ngozi. Salfa inaweza kukausha macho ya mbwa, na wakati mwingine hayarudi hata ukiiacha. Daktari akiwa na mbwa wa ngozi aliyetumia salfa muda mrefu, na jicho linalouma, ukanda wa Schirmer ulipaswa kutoka mfukoni wenyewe. Haukutoka. Na kwa kuwa tuko hapo: bado wapo wanaokata tezi ya kope ya tatu kwa watoto wa Cane Corso na Neapolitan Mastiff kwa sababu inachomoza kama nyama nyekundu na kuikata ni rahisi. Tezi ile inatengeneza sehemu kubwa ya machozi. Inarudishwa na kushonewa mfukoni, haikatwi. Aliyeikata leo amemwachia mwenzake jicho kavu la miaka mitano ijayo.

Nini kingefanyika? Kwanza ukanda wa machozi, kisha rangi. Doa likionekana, tone la ganzi, na hapo kuna jambo zuri la kutazama: Boerboel ana kichwa kizito na ngozi nyingi ya kope, na kope ya chini kwenye pembe ya nje inaweza kujikunja ndani hadi manyoya yakasugua konea. Ukitia ganzi na kope ikanyooka, ilikuwa inajikunja kwa maumivu. Ikibaki imejikunja, ni umbile lake, na kidonda hakitapona vizuri mpaka kope irekebishwe. Chini ya ganzi hiyo hiyo unainua kope ya tatu kwa kibano na kutazama nyuma yake, maana mbegu ya nyasi hujificha huko. Kisha kloramfenikoli au tobramaisini, atropini kidogo ya kutuliza maumivu kama machozi yanatosha, na kurudi baada ya siku mbili. Kidonda kikionekana kuyeyuka, antibiotiki kila saa na seramu ya damu ya mbwa mwenyewe, iliyozungushwa na kuwekwa kwenye friji, kwa sababu seramu inavizuia vile vimeng'enya. Hii inafanyika hata mkoani, ukiwa na mashine ya kuzungushia damu.

Na kola. Sijui kwa nini kola inadharauliwa. Mbwa wa kilo 70 anayejikuna uso ana kucha ya kidole gumba inayofika kwenye jicho, na mpaka muwasho wa ngozi utulie, kola ndiyo dawa ya jicho. Vilevile shampuu ya klohekisidini, ambayo ni nzuri sana kwa ngozi ile, inaunguza konea. Usoni hutumika kitambaa chenye maji tu. Katika video povu linashuka kutoka kwenye paji la uso, na hakuna anayelizuia.

Wafugaji, kagueni chupa mlizo nazo kwenye friji leo. Ikiwa lebo ina deksamethasoni, prednisoloni, betamethasoni au haidrokotisoni, na mbwa amefumba jicho, usiitie hata kama ndiyo iliyomponya mwaka jana. Na kama umeshaanza kuitia bila jicho kupimwa kwa rangi, iache sasa, mvishe mbwa kola, mpeleke akapimwe leo hii. Usisubiri Jumatatu.